Njia Panda ya Voi

Msafiri aendaye Mombasa kwa barabara kutoka Nairobi hufika Voi akiwa amekwisha kupita theluthi mbili za safari yake. Hapo njia hugawanyika. Moja huendelea kilometa 160 hivi hadi baharini. Ya pili huelekea magharibi, hupita Mwatate, kisha hupanda milima ya Taita hadi Wundanyi. Msomaji, ikiwa una likizo moja na fedha za safari moja tu, utashika njia ipi?

Tusiidharau pwani. Mtu aliyechoka ana haki ya kupumzika, na mchanga mweupe wa Diani haumdai mgeni neno lolote. Tena pwani si maji na minazi tu. Mombasa iko Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Karibu na Watamu yako magofu ya Gedi. Na katika kaya za Wamijikenda msitu na miiko vimelindana tangu zamani. Lakini aghalabu mtu aliyefuata ufuo huyapita hayo yote, kwa kuwa furaha ya bahari hupatikana bila kuuliza swali. Akienda mwezi wa Agosti, yumkini atakuta kusi inavuma, bahari imechafuka na mwani umetapakaa ufuoni.

Mlima hauna ukarimu wa namna hiyo. Kilele cha Vuria hupita mita 2,200. Asubuhi ukungu hufunika mashamba ya miteremkoni, na mgeni asiyechukua sweta hujuta. Huko ndiko yaliko mapango ya mafuvu. Zamani Wataita walimzika mtu wao, na muda ulipopita walifukua fuvu lake na kuliweka katika pango la ukoo pamoja na mafuvu ya waliotangulia. Shida ilipoingia, wazee walikwenda pale kutambika. Desturi hiyo ilikoma kadiri Ukristo ulivyoenea, lakini mapango kadhaa yangalipo. Huingii humo kama uingiavyo dukani. Huna budi kumtafuta mzee, kumwamkia, kumweleza nia yako na kungoja ruhusa. Ndani hugusi kitu wala huchezi, kwa maana hao ni babu za watu.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu maneno haya, msichana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, milima tunayo kwetu. Bahari hatujaiona." Neno lake lilikuwa zito. Wazazi wengi wa shule yetu hupata nauli ya mtoto kwa kuuza kuku au gunia la mahindi, na safari kama hiyo huenda isitokee tena. Nani atamlaumu mtoto huyo akiitaka bahari?

Mimi simlaumu. Hata hivyo, nikiulizwa shauri, nitashika njia ya Wundanyi, na sababu yangu ni hii. Bahari itatungoja, itajaa na kupwa kesho kama ilivyojaa na kupwa jana. Mzee ajuaye pango ni la ukoo gani, na kwa nini fuvu moja limewekwa mbele ya jingine, hatatungoja. Akifa pasipo mtu wa kumwuliza, pango litabaki na mifupa tu. Tena aliyejifunza kuuliza kwa adabu katika mlima wa wengine hurudi nyumbani akauuliza mlima wake mwenyewe, ambao alidhani anaujua kwa sababu amezaliwa chini yake.

Basi, msomaji, pima hali yako. Ikiwa hujaiona bahari na nafasi yako ni moja tu, nenda ukaione, lakini tenga siku moja uende Gedi au kaya, ukasikilize. Ikiwa unatazamia kusafiri tena, anza na mlima wakati miguu yako ina nguvu na wazee wangali hai.