Lugha Katika Begi la Bibi Harusi



Agosti iliyopita tulikwenda Lorient, mji wa bandari katika jimbo la Bretagne, magharibi ya Ufaransa. Tulikuwa watatu: dada yetu mkubwa anayeishi Ufaransa na mumewe na watoto, mmoja wetu aliyetoka Unguja, na mdogo wetu ambaye Insha'Allah anaolewa Mfungo Sita na kumfuata mumewe Ulaya. Mtauliza, wanawake wa Kizanzibari wamefuata nini huko? Tulifuata nguo. Mdogo wetu aliona picha za maharusi wa zamani wa Bretagne, nguo nyeusi zimetariziwa kwa nyuzi za manjano na rangi ya chungwa, akasema lazima azione kwa macho.

Sherehe yenyewe inaitwa Festival Interceltique. Ilianza mwaka 1971 na hufanyika kila Agosti kwa siku 10. Huwakutanisha watu wanaojivunia asili ya Wakelti: Uskoti, Ireland, Wales, Cornwall, Kisiwa cha Man, Bretagne, pamoja na Galicia na Asturias za Hispania. Lugha za Wakelti zamani zilisemwa sehemu kubwa ya Ulaya. Leo zimebaki pembezoni tu, kwenye visiwa na rasi zinazotazama bahari.

Siku ya gwaride kubwa tulisimama kando ya barabara tangu mapema. Kilichotushangaza kwanza ni vichwa. Wanawake wa Bretagne walipita wamevaa vilemba vya lesi nyeupe, kila eneo na mtindo wake. Zamani kilemba kilikuwa kinamsema mwenyewe: anatoka wapi, na kama yumo msibani. Vile vya upande wa Pont-l'Abbé vimesimama juu kama mnara, sentimita 30 na zaidi. Bibi zao walivivaa kila siku, sokoni na hata kwenye baiskeli. Mdogo wetu alijitengeneza mtandio wake akacheka, "Kumbe na wao walikuwa hawatoki kichwa wazi."

Lesi ile ina hadithi ambayo mwanamke yeyote wa pwani ataielewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 saradini walitoweka katika bahari ya Bretagne. Wavuvi walirudi na nyavu tupu, viwanda vya samaki vikasimama, nyumba zikalala njaa. Wanawake wakafundishwa kufuma lesi kwa mtindo wa Ireland, ufumaji ambao wanawake wa Ireland nao waliushika kujikimu wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1840. Kama sisi tunavyofuma vitambaa vya makochi, wao walifuma wakauza, watoto wakala.

Halafu ikaja ngoma, na hapo tulishikana mikono. Wana ala inayoitwa bombarde, fupi, ya mbao, sauti yake kali inapenya mpaka kwenye mifupa. Dada mkubwa alisema palepale, "Hii si zumari?" Ni ukoo mmoja kweli: zote mbili hupulizwa kwa ulimi wa matete mawili. Mpigaji wa bombarde huishiwa pumzi haraka, kwa hiyo mwenzake mwenye biniou, ala ya mfuko wa ngozi, humpokea, kisha humrudishia. Na kazi yao ya asili ilikuwa ipi? Kutangulia mbele ya msafara wa bibi harusi.

Usiku watu hucheza fest-noz, ngoma ya pamoja iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2012. Wanaume kwa wanawake hushikana kwa vidole vidogo na kuzunguka. Sisi tulitazama kwa mbali na chai yetu. Chakula kilikuwa rahisi kuliko tulivyohofu. Wana chapati nyembamba za unga wa nafaka wanayoiita "ngano nyeusi", ukiziona utasema chapati za maji. Nyingi hujazwa nyama ya nguruwe na kuliwa na kinywaji cha tufaha chenye ulevi, basi sisi tuliomba yai na jibini, tukahakikisha chuma kimesafishwa kwanza.

Lakini hatukuandika haya kwa ajili ya chapati. Tuliandika kwa sababu ya mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza vitambaa vya kutarizi. Dada alimsifu kwa Kifaransa, wakazungumza. Yule mama alitueleza kwamba bibi yake alikuwa anajua Kibretoni tu. Mama yake alisema Kibretoni na bibi, lakini akigeuka kwa watoto wake alisema Kifaransa. Yeye alikua ndani ya nyumba moja na bibi yake na hakuweza kumuuliza kitu cha maana.

Mama yake hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu. Shuleni, mtoto aliyesikiwa akisema Kibretoni alivishwa kitu shingoni, pengine kiatu kikuukuu cha mbao. Alikivaa mpaka amsikie mwenzake akisema lugha hiyo amkabidhi, na aliyebaki nacho jioni aliadhibiwa. Wasomaji wetu wa Kenya wanaijua habari hii, maana shule nyingi kule nazo zilimvisha kibao mtoto aliyesema lugha ya kwao. Aliyevaa kiatu kile akawa mama, akaapa wanawe hawatafedheheka kama yeye. Katikati ya karne iliyopita wasemaji wa Kibretoni walikuwa zaidi ya milioni. Kufikia mwanzoni mwa karne hii walikadiriwa kuwa kama 200,000 tu, wengi wao wazee.

Dada yetu alinyamaza njia nzima ya kurudi. Watoto wake wanaelewa Kiswahili, lakini hujibu kwa Kifaransa. Bibi yao akipiga simu kutoka Unguja, mama lazima akae katikati kutafsiri. Bibi husema maneno mengi ya mapenzi, na yanayofika kwa wajukuu ni "Bibi anakusalimu."

Kule Bretagne wazazi waliona hatari. Mwaka 1977 walianzisha shule ya kwanza ya Diwan, neno lenye maana ya kuchipua kwa mbegu, ambako mtoto husomeshwa kwa Kibretoni. Ni kazi nzuri, ila ni ghali na ya taratibu: kurudisha kwa madarasa kitu ambacho jikoni kilikuwa kinapita bure.

Ndiyo maana tunasema nanyi mabibi harusi. Nyinyi ndio mnaokwenda kufungua jiko jipya. Tunahangaika miezi na begi la harusi: udi, kanga doti ngapi, piko atachora nani. Nani anakaa na mchumba wake kuzungumza nyumba yao itasema lugha gani? Kifaransa, Kiingereza na Kiarabu mtoto atavipata shuleni, barabarani na chuoni. Kiswahili cha bibi yake hana pa kukipata isipokuwa kwenu. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ametaja tofauti za lugha zetu kuwa ni katika ishara Zake. Basi lugha ya kwetu si ya kuonewa haya.

Mdogo wetu hakununua nguo Lorient, alinunua kitambaa kimoja tu cha lesi cha kuwekea msahafu. Tuliporudi aliongeza mambo kwenye orodha yake. Amemwomba somo wake amfundishe pia nyimbo za kubembelezea mtoto. Anamrekodi bibi akisimulia hadithi, kuanzia "paukwa, pakawa" hadi mwisho. Na ameshakubaliana na mchumba wake kwamba mtoto wao akijaaliwa, baada ya adhana sikioni, neno litakalofuata litakuwa la Kiswahili. Dada naye kaanza: kila Ijumaa jioni wajukuu wanazungumza na bibi wenyewe, yeye haingilii. Wiki ya kwanza walisema "shikamoo" tu wakacheka. Wiki ya tatu bibi aliulizwa amekula nini.