Miraba ya Zambarau

Tabora nilikuwa naijua kwa mdomo wa mke wangu tu: asali yake, maembe yake, na majigambo kwamba Mwalimu Nyerere kasoma kwao. Kufika sikuwahi, mpaka kompyuta ya shemeji ilipoanza kuharibu harusi za watu.

Shemeji anapiga video. Kompyuta yake ya mezani ilishazeeka, akaagiza Dar kadi ya grafiki iliyotumika, ya GB 8, ikaletwa na basi kama kifurushi, akaichomeka mahali pa ile ya zamani. Tangu siku hiyo uso wa bi harusi ukawa unatapakaa miraba ya zambarau na kijani, na kazi ikifika katikati skrini inazima. Akanitumia picha aliyopiga kwa simu.

"Shem, usipige kwa simu," nikamwambia. "Piga picha ya skrini humo humo ndani ya kompyuta, unitumie hiyo."

Alidhani naringia ubora. Shida ikiwa ni waya au skrini yenyewe, picha huharibika ikishatoka kwenye kadi, kwa hiyo picha ya skrini itakuwa safi. Yake ilikuja na miraba yote. Waya na skrini vikatoka kwenye orodha ya washukiwa, wakabaki watatu: draiva, umeme, na kadi yenyewe.

"Basi njoo," akasema. "Mama anauliza huyu mkwe ana sura gani."

Nikaviringisha pawa saplai ya wati 550 ndani ya shati, nikapanda treni ya reli ya kisasa, ile iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Hapo hakuna cha kusimulia, ukisinzia umefika. Safari yenyewe inaanzia kwenye basi, ukishaipita Manyoni na kuingia vichaka vya Itigi. Vichaka ni vifupi, vimesongamana, na havina mwisho. Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo ililiita pori la upande huu Mgunda Mkali, na wapagazi wa Kinyamwezi walilihofia kwa uhaba wa maji. Wapelelezi Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, Tabora ya siku hizo, Novemba. Abiria wa pembeni yangu alikuwa analalamika kwamba dereva anachelewa.

Tuliingia mjini jioni, nikapokewa na miembe mikubwa na vumbi jekundu. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kwa zamu mimi na ile pawa saplai niliyoikumbatia, akaagiza maji ya kuoga yaletwe. Kompyuta niliruhusiwa kuigusa kesho yake.

Kitu cha kwanza nilichotazama ni mashine inavyowaka. Nembo ya madabodi ilitokea safi, maandishi safi, hadi Windows ilipopakia draiva. Laiti miraba ingeonekana tangu sekunde ya kwanza, kabla ya draiva yoyote kuamka, ningeishuku kadi kuwa imekufa. Kadi ya zamani ilikuwa ya kampuni nyingine na masalia ya draiva yake yalikuwamo bado, kwa hiyo nikaiwasha kompyuta katika hali salama, nikayafagia yote kwa DDU, programu ya bure ambayo kila fundi anapaswa kuwa nayo kwenye flashi, kisha nikaweka draiva mpya. Miraba ikapungua kidogo. Shemeji akashangilia mapema.

Nikaja kwenye umeme. Pawa saplai yake ilikuwa ya wati 350, na kadi ilikuwa inanyonya kupitia kiunganishi cha kuazima kilichotengenezwa kwa waya za diski. Kadi ya daraja hilo, mfano Radeon RX 580 ya mwaka 2017, peke yake inakula kama wati 185. Nikaweka ile niliyotoka nayo Dar, na kuzimika kukakoma palepale. Miraba ikabaki. Nadhani mafundi wengi hukwama hapa: mteja analeta lalamiko moja, wewe unatafuta kosa moja, kumbe mna mawili yamekaa pamoja.

Nikaichomoa kadi nisafishe feni. Mgongoni ilikuwa na namba 14, imeandikwa kwa maka peni.

Kadi ya nyumbani haiandikwi namba. Inayoandikwa ni iliyokaa kwenye safu na wenzake, ikichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Septemba 2022 Ethereum iliachana na uchimbaji wa namna hiyo, na kadi nyingi mno zikamwagwa kwenye soko la vitu vilivyotumika, duniani kote. Wachimbaji walikuwa na desturi ya kubadilisha bayosi ya kadi ili kumbukumbu yake ikimbie kuliko ilivyopimwa kiwandani. Kwao kosa dogo la kumbukumbu halina uchungu: jibu moja linakataliwa, kadi inaendelea na jingine. Kwenye video kosa hilohilo linakaa shavuni mwa bi harusi.

Baadhi ya kadi hizo zina bayosi mbili, na swichi ndogo pembeni ya kuchagua. Hii ilikuwa nayo. Nikazima kompyuta, nikachomoa waya ukutani, nikaisukuma swichi kwa ncha ya kalamu hadi kwenye bayosi ya pili, ambayo huenda haikuguswa, nikawasha. Nikaweka jaribio zito la picha liende saa kadhaa, tukaondoka kwa bajaji kwenda Kwihara.

Kwihara kuna tembe walimokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872. Stanley akaenda pwani, Livingstone akabaki miezi akisubiri wapagazi. Ninachokipenda katika masimulizi ya Stanley ni pale walipofungua mizigo iliyotunzwa hapo: mchwa walikuwa wamekula mbao za bunduki. Livingstone alikwisha kupigwa pigo kubwa zaidi Ujiji, alikokuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Shemeji akasikiliza, akauliza kama huyo mtu alikuwa na duka Dar.

Tuliporudi jaribio lilikuwa linaendelea bila mraba hata mmoja. Nikaishusha kasi ya kumbukumbu kidogo chini ya ile ya kiwanda, maana imeshachoshwa, na swichi nikaizungushia utepe. Usiku ule video ya watu wa Urambo ikachakatwa hadi mwisho. Asubuhi shemeji aliiwahisha flashi kwenye basi, akarudi na bei mpya aliyokuwa anampigia hesabu yule muuzaji wa kadi: amrudishie nusu ya pesa, au pawa saplai ailipie yeye.