Meli zinapopanda mlima

UMESIMAMA kando ya mfereji, nje kidogo ya mji mdogo wa Hilpoltstein, kusini mwa Ujerumani. Chini ya miguu yako ni chumba cha saruji chenye kina kama jumba la ghorofa nane. Meli ndefu ya mizigo inaingia humo polepole kama ng'ombe anayerudi zizini, na lango zito linafungwa nyuma yake. Kwa kitambo hakuna linalotokea. Kisha maji yanaanza kujaa, na meli nayo inapanda pamoja nayo, shubiri kwa shubiri, hadi nahodha uliyekuwa ukimwona kisogo kule chini anakuwa sawasawa nawe na kukupungia mkono. Meli imepanda karibu mita 25. Lango la mbele linafunguka, naye anaenda zake.

Hivyo ndivyo meli inavyopanda mlima, msomaji. Vyumba kama hicho viko 16 katika mfereji wa Main-Danube, ambao urefu wake ni kilomita 171, kutoka mji wa Bamberg hadi Kelheim. Ni zaidi kidogo ya safari ya kutoka Nairobi hadi Nakuru. Vyumba 11 huipandisha meli mita 175 kutoka upande wa mto Main, na vitano huiteremsha mita 68 hadi mto Danube. Kileleni, maji ya mfereji yako mita 406 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mahali pengine Ulaya ambapo meli inayotoka baharini hufika juu kiasi hicho.

Ukitazama ramani utaelewa sababu ya taabu yote hii. Mto Main huingia Rhine, na Rhine humwaga maji yake katika Bahari ya Kaskazini, huko Uholanzi. Danube nao huelekea mashariki, ukapita Vienna, Budapest na Belgrade hadi Bahari Nyeusi. Mito hii miwili mikubwa inakaribiana sana katika jimbo la Bavaria, lakini katikati yao pana mgongo wa nchi. Ukiutoboa mgongo huo, umeunganisha bahari mbili kwa njia ya maji ya takriban kilomita 3,500.

Mfereji huu ulifunguliwa tarehe 25 Septemba 1992. Mtu wa kwanza aliyejaribu kuuchimba alianza kazi mwaka wa 793. Ndiyo, hukusoma vibaya.

Huyo alikuwa Mfalme Charlemagne. Ukipanda treni hadi Treuchtlingen, kijiji cha Graben kiko karibu, na hilo jina lake maana yake ni handaki tu. Hapo utaona kidimbwi chembamba chenye maji ya kijani, kimezungukwa na kuta za udongo zilizoota miti. Mfalme alitaka kuunganisha vijito viwili, kimoja cha upande wa Rhine na kingine cha upande wa Danube, vilivyotenganishwa na kilomita chache tu. Waandishi wa zama zake walisema mvua ilinyesha mno, na udongo uliochimbwa mchana uliporomoka tena usiku. Kwa miaka mingi wasomi walibishana kama kisa hicho ni cha kweli. Katika miaka ya karibuni wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata humo nguzo za mwaloni, na pete za mti zikaonyesha kwamba miti hiyo ilikatwa mwaka ule ule wa 793.

Wala tusidhani mawazo ya namna hii ni ya Wazungu pekee. Kwetu, katika karne ya 19, mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuunganisha mto Tana na mto Ozi ili vyombo vifike Kipini. Tana wenyewe ukaupenda ule mkato, ukauhamia, na hadi leo maji yake huingia baharini kupitia mlango wa Ozi. Mto ukipewa njia huwa hauombi ruhusa.

Turudi Bavaria. Mtu wa pili alikuwa Mfalme Ludwig wa Kwanza, naye ndiye aliyekutana uso kwa uso na tatizo ambalo Charlemagne, mwenye amri juu ya watu wake, hakulijua sana: fedha. Ikaundwa kampuni, na benki ya Rothschild ya Frankfurt ikapewa kazi ya kuuza hisa zake. Uchimbaji ukaanza mwaka 1836 na kumalizika 1846. Vyumba vya kupandishia meli vilikuwa 100, na matishari yalivutwa na farasi waliotembea ukingoni. Ulikuwa mfereji wa kupendeza. Kwa bahati mbaya, mnamo Desemba 1835, miezi michache tu kabla ya uchimbaji kuanza, treni ya kwanza ya mvuke nchini Ujerumani ilikuwa imefanya safari yake kutoka Nürnberg hadi Fürth, karibu kabisa na njia ya mfereji huo. Hebu mfikirie mtu aliyenunua hisa za farasi na matishari huku akisikia honi ya gari moshi dirishani!

Gharama ilizidi makadirio, faida haikuonekana, na mwaka 1852 serikali ya Bavaria ikaununua mfereji mzima. Uliendelea kujikokota hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipouharibu, na mwaka 1950 ukaachwa rasmi. Baadhi ya sehemu zake bado zina maji, na wakati wa kiangazi kuna mahali ambapo farasi bado huvuta mashua ya watalii. Lakini ukisafiri kwa gari kutoka Nürnberg kuelekea Erlangen, barabara kuu unayopita imejengwa juu ya kitanda cha mfereji huo. Mamilioni hupita hapo bila kujua.

Sasa basi, baada ya hasara kama hiyo, nani angethubutu kutoa fedha mara ya tatu?

Jibu lilipatikana mwaka 1921, na kwa maoni yangu ndilo jambo la werevu zaidi katika historia hii yote. Ujerumani ilikuwa imetoka vitani mikono mitupu. Serikali kuu na ile ya Bavaria ziliunda kampuni iliyoitwa Rhein-Main-Donau na kuipa haki ya kuzalisha umeme kwa maji ya Main, Danube na mito mingine ya hapo hadi mwaka 2050. Kampuni ingejenga mabwawa, mabwawa yangeinua maji ili meli zipite, na maji hayo hayo yangezungusha mitambo ya stima. Serikali ziliikopesha fedha bila riba, nayo ingelipa deni polepole kutokana na mauzo ya stima. Ni kana kwamba stima ya Masinga, Kamburu na Kiambere ingekuwa inalipia uchimbaji wa mfereji. Mto unajichimbia njia kwa jasho lake wenyewe.

Tatizo la mpango kama huo ni kwamba hauna haraka. Kazi ilianzia kwenye mito, mahali palipo na stima ya kuuza, na sehemu ngumu ya mlimani, isiyo na mto wala mapato, ikaachwa mwisho. Vita vikaingia kati. Ni mwaka 1960 tu ndipo uchimbaji wa mfereji wenyewe ulipoanza kutoka Bamberg, na mwaka 1972 meli zikafika bandari ya Nürnberg. Mkataba wa mwaka 1966 ulikuwa umekwisha kuamua mgao wa fedha za kumalizia: theluthi mbili serikali kuu, theluthi moja Bavaria.

Kisha ikaja siku ya tarehe 26 Machi 1979. Huko Katzwang, kitongoji cha Nürnberg, ukingo wa sehemu iliyokuwa imejazwa maji lakini haijafunguliwa ulipasuka. Maji yalifagia mitaa na nyumba, na msichana wa miaka 12 akafa. Si tukio linalotajwa sana katika vijitabu vya watalii. Sijui kwa nini likose kutajwa.

Mapema katika miaka ya 1980 hata wakubwa walianza kusitasita. Volker Hauff, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa serikali kuu, aliufananisha mradi huo na upumbavu wa kujenga mnara wa Babeli. Mwaka 1982 serikali ya Bonn ilitaka kazi isimame. Bavaria ilikataa katakata na kuonyesha mkataba wa 1966. Mwaka huo huo serikali ya Bonn ikabadilika, na matingatinga yakaendelea kunguruma.

Mgogoro mkubwa ulihusu bonde la Altmühl. Ukipanda mashua ya watalii kutoka Kelheim hadi Riedenburg utaliona: majabali meupe, misitu, ngome ya Prunn iliyong'ang'ania ncha ya mwamba. Chini ya ngome hiyo ulipita mto mwembamba wa mwendo wa kobe, uliojipindapinda katika malisho yenye majimaji. Kilomita 34 hivi za mto huo, kutoka Dietfurt, ziligeuzwa kuwa njia ya meli. Wapenzi wa mazingira walipiga kelele kwa miaka mingi, na kelele zao hazikupotea bure. Wasanifu walilazimika kuacha baadhi ya mapindo ya zamani na kuchimba vidimbwi vipya kwa ajili ya samaki na ndege, na takriban sehemu moja kwa tano ya gharama ya ujenzi ikaenda katika kazi za mazingira. Ujenzi wote tangu 1960 hadi 1992 uligharimu takriban maki bilioni 4.7. Mgeni asiyejua kisa chake hulisifu bonde hili kwa uzuri. Wenyeji wazee walioogelea katika mto wa kale wana haki ya kulipima kwa kipimo kingine.

Je, faida? Hapa inafaa tuwe wakweli. Watetezi wa mfereji walitabiri mizigo ya hadi tani milioni 20 kwa mwaka. Haijafika hata nusu ya kiasi hicho. Moja ya sababu iko nje ya mfereji wenyewe: kati ya Straubing na Vilshofen, Danube bado unatiririka bila mabwawa, na msimu wa ukame maji huwa haba, kwa hiyo meli hulazimika kupakia nusu. Kujenga bwawa hapo kungemaliza tatizo, lakini Bavaria iliamua mwaka 2013 kutolijenga. Ile mito iliyotarajiwa kukubali kila kitu imepata watu wa kuitetea.

Ajabu ni kwamba waliojaa mferejini ni watu ambao hesabu za wahandisi hazikuwatilia maanani: watalii. Meli nyeupe ndefu, zenye vyumba vya kulala na meza za vitambaa, husafiri kutoka Amsterdam hadi Budapest. Upana wa vyumba vya kupandishia ni mita 12, na meli hizo hutengenezwa zikiwa na zaidi kidogo ya mita 11, ili zipenye kwa unywele. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ziliuza hisa zao katika kampuni ya Rhein-Main-Donau kwa makampuni ya umeme, lakini wajibu wa kulipia deni kwa mapato ya stima uliuzwa pamoja nazo.

Iko faida nyingine, na hii ndiyo inayonivutia mimi zaidi. Kileleni hakuna mto wa kujaza mfereji, na kila meli inayoteremka huondoka na maji. Kwa hiyo kando ya vyumba vingi utaona mabirika makubwa yaliyopangwa kama ngazi. Hayo huhifadhi hadi asilimia 60 ya maji ili yatumike tena. Yanayobaki hupandishwa kwa pampu kutoka upande wa Danube. Lakini pampu hizo hupandisha maji mengi kuliko meli zinavyohitaji. Kaskazini mwa Bavaria ni kukavu, kusini kuna maji tele, na tangu mwaka 1970 bunge la jimbo hilo lilikuwa limeamua kwamba mfereji ubebe pia maji ya kuokoa mito ya kaskazini. Pamoja na maziwa yaliyochimbwa jirani, mpango huo huvusha takriban mita milioni 150 za ujazo kwa mwaka.

Kama una siku moja tu, shuka kwenye treni ndogo itokayo Roth hadi Hilpoltstein, kodi baiskeli ukiweza, na ufuate ukingo hadi kileleni. Huko utakuta ukuta wa saruji wa mchongaji Hannsjörg Voth, umelala sambamba na mstari unaogawa maji ya Ulaya. Watoto hupenda kusimama hapo wakitanua miguu. Tone la mvua likiangukia upande mmoja, kwa kawaida yake litaishia Bahari ya Kaskazini. Likiangukia upande wa pili, litaishia Bahari Nyeusi. Na mbele yao, katika mfereji, maji ya Danube yanapita taratibu yakielekea kaskazini.