Ukijani wa Bwawa

Mtu achimbaye bwawa la samaki nyuma ya nyumba yake hudhani kuwa amewakaribisha samaki peke yao. Baada ya majuma machache huona kuwa yuko mgeni mwingine asiyealikwa. Mgeni huyo ni mwani. Hahitaji mlango wala ruhusa. Huchukuliwa na upepo, na miguu ya ndege, na maji yenyewe. Akikuta jua na mbolea hukaa, na akikaa huongezeka. Ndipo maji yaliyokuwa meupe hugeuka kuwa ya kijani, na mwenye bwawa huona haya mbele ya majirani kama mtu aliyekutwa na ua usiofagiwa. Haya ni kitu chema katika mambo mengi, lakini katika ufugaji wa samaki ni mshauri mbaya.

Alikuwako mwalimu mmoja mstaafu katika nchi ya chini ya mlima Kilimanjaro, mahali ambapo migomba na mibuni hunyweshwa kwa mifereji itokayo mlimani. Alikuwa amefundisha hesabu miaka 33. Alipopata kiinua mgongo chake alichimba bwawa la urefu wa mita 15 na upana wa mita 10, akalijaza maji ya mfereji, akatia ndani yake vifaranga 300 vya perege. Hakufanya hivyo kwa mchezo. Mjukuu wake, aliyeachwa na wazazi akiwa mdogo, alikuwa karibu kwenda shule ya bweni, na godoro, sanduku, sare na nauli yake vilitarajiwa kutoka katika maji yale.

Mke wake alilihudumia bwawa hilo kama alivyozoea kuihudumia mifugo. Asubuhi aliwamwagia samaki pumba za mahindi, na kila juma alitia samadi ya mbuzi pembezoni. Maji yakawa ya kijani. Mke alifurahi, mume alikunja uso. Wageni walipopita na kuuliza kama bwawa lile lina wenyewe, neno hilo lilimchoma mwalimu, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa mtu wa kola safi na ubao uliofutwa vema.

"Mama," alisema, "punguza huo uchafu wako. Maji yamekuwa kama mchuzi wa kisamvu."

"Mwalimu," mke alijibu, "yakitakata, hawa watakula nini?"

"Uchafu haukuwa chakula hata siku moja."

Katika mabishano hayo mke alikuwa na haki, ingawa hakuwa na maneno ya kuitetea. Mwani unaoyapa maji rangi ya kijani ni mimea midogo mno, isiyoonekana mmoja mmoja kwa jicho. Hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, kama mgomba ufanyavyo, nao huliwa na wadudu wadogo wa majini ambao nao huliwa na samaki. Perege wa aina ya sato huweza kuuchuja mwani wenyewe na kuula. Samadi haitiwi bwawani ili samaki waile. Hutiwa ili mwani uote. Elimu hii si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1949 majaribio ya kufuga perege katika mabwawa yalianzishwa Korogwe na Malya, na tangu hapo mfugaji mwenye mbolea ya zizini ameweza kuifanya bwawa lake kuwa shamba na maji yake kuwa malisho.

Lakini mume naye hakuwa amekosa kabisa. Shamba likizidi mbolea huharibika, na bwawa ni vivyo hivyo. Mchana mwani huyapa maji hewa ya oksijeni ambayo samaki huivuta; usiku, jua likiisha kuondoka, mwani wenyewe huivuta hewa ile ile pamoja na samaki na vijidudu vya matopeni. Nayo hewa hiyo si nyingi tangu mwanzo: katika joto la nyuzi 25 maji yaliyo kwenye usawa wa bahari hushika takriban miligramu 8 tu kwa lita, na juu milimani hushika pungufu ya hapo. Kwa hiyo saa ya hatari bwawani ni kabla ya mapambazuko. Mwani ukizidi, ndiyo saa ambayo samaki huonekana wametoa midomo juu ya maji wakihema. Ipo pia jamii ya mwani wa nyuzi, unaoota chini mahali penye maji haba na kuelea kama pamba iliyolowa. Vifaranga hunaswa ndani yake. Na liko povu zito la kijani-buluu, lifananalo na rangi iliyomwagika, ambalo kwa hakika ni bakteria, na baadhi ya aina zake zina sumu.

Ukijani wa mwalimu haukuwa wa povu wala wa nyuzi. Ulikuwa umezidi kidogo tu. Dawa yake ilikuwa kuacha samadi kwa majuma mawili na kubadilisha sehemu ya maji. Badala yake mwalimu alikumbuka mrututu.

Mrututu ni chumvi ya shaba, yenye rangi ya buluu ya kupendeza, na wakulima wa kahawa waijua kwa kuwa dawa ya kukinga mibuni na maradhi ya ukungu hutengenezwa kwayo. Katika ghala ya mwalimu palikuwa na mfuko uliosalia. Alikuwa amesikia kwamba unaua mwani, na habari hiyo ilikuwa ya kweli. Akachota kikombe, akakoroga katika ndoo, akanyunyiza maji yote. Mtu aliyewapa watoto wa watu adhabu kwa kusahau kuandika vipimo mbele ya jawabu hakupima maji yake wala dawa yake.

Siku ya pili maji yalianza kutakata. Mwalimu akawaita majirani, nao wakasifu. Mke akatazama, akanyamaza. Siku ya tatu palikuwa na mawingu mazito, kama yawavyo mawingu ya mwezi wa Julai katika nchi ile, na jua halikutoka. Alfajiri ya siku ya nne mjukuu alikwenda kunawa uso, akarudi mbio bila kunawa. Perege walikuwa wametanda juu ya maji, matumbo meupe juu.

Kabla ya saa tatu alifika mchuuzi mmoja aliyesikia habari. Alitaka kuwanunua wote kwa bei ya nusu, awakaange na kuwauza gulioni, kwa sababu bado walikuwa wabichi. Fedha ile ingetosha godoro na sanduku. Mwalimu alimtazama mjukuu, akatazama samaki, akasema kuwa kitu ambacho yeye mwenyewe hajui usalama wake hawezi kukiuza kwa watoto wa wenzake. Mchuuzi akacheka, akaenda zake. Mume, mke na mjukuu wakachimba shimo, wakawafukia. Katika samaki 300 walisalia 41. Mke hakusema neno la lawama siku ile wala baadaye, na kunyamaza huko kulimwelemea mwalimu kuliko hasara.

Bwana samaki alipokuja hakukaripia. Aliuliza tu, "Mwalimu, ulitia kiasi gani?"

"Kikombe."

"Kikombe cha nini?"

"Cha chai."

Kijana yule akainamisha kichwa, maana na yeye alifundishwa hesabu na mwalimu yule. Kisha akaeleza. Shaba ni sumu kwa samaki pia, hasa katika maji yasiyo na chokaa ya kutosha, nayo haitoweki bali hukaa matopeni. Tena mwani uliokufa wote kwa mara moja huoza wote kwa mara moja, na vijidudu viuozeshavyo huvuta hewa ya bwawa zima. Waliponusurika na sumu, samaki wengi walikufa kwa kukosa pumzi, na mawingu yalimaliza kazi. Aliyetaka kuondoa mgeni mmoja alikuwa ameondoa chakula na hewa ya nyumba.

Akawaonyesha kipimo kisichonunuliwa. Mtu huinama, huchovya mkono wake bwawani akiwa amenyosha kiganja. Kiganja kikitoweka maji yalipofika karibu na kiwiko, ukijani ni wa kadiri. Kikitoweka mapema, samadi na pumba zikome, maji ya chini yatolewe kidogo na mapya yaingizwe. Kiwiko kikizama na vidole bado vyaonekana, bwawa lina njaa. Mwani wa nyuzi huvutwa kwa reki na kutupwa shambani, ambako ni mbolea njema, na kingo huchimbwa zaidi ili jua lisifike chini. Maji ya sabuni ya kufulia yasielekezwe bwawani kamwe.

Bwawa lilikaushwa, matope yakachotwa na kutupwa mbali. Mbuzi wawili waliuzwa, na mjukuu akaenda shule bila sanduku. Vitu vyake vilifungwa katika kitenge cha bibi yake. Wale 41 waliokuwa wamehifadhiwa katika pipa na kashimo ka jirani walirudishwa majini, na perege ni samaki asiyechelewa kuzaa.

Leo maji yale ni ya kijani tena. Kila asubuhi mwalimu hukunja mkono wa shati, huinama, huchovya mkono hadi kiwikoni, kisha hutamka matokeo kwa sauti ili mke wake asikie. Mke ndiye aamuaye kama samadi itiwe au isitiwe. Na mgeni akipita na kuuliza kwa nini maji ni machafu, mwalimu humwambia akunje shati apime mwenyewe.