Nilipima Wakati wa Kusi

Barua niliyompa sheha, kwamba kelele za ndege mtaani kwetu ni za kawaida, haikuwa sahihi, na kosa ni langu peke yangu. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Majirani waliniamini kwa sababu hiyo.

Tunakaa kaskazini ya uwanja wa ndege wa Zanzibar, chini kabisa ya mapito ya ndege. Barabara ya kurukia imelala kusini-kaskazini. Namba 18 na 36 zilizoandikwa kwenye lami yake ni nyuzi 180 na 360 za dira. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. Kusi likivuma, majeti hupita juu ya mapaa yetu yakishuka, injini zimepunguzwa nguvu. Likigeuka kaskazi, kiasi cha Disemba hadi Machi, hutupita yakipanda, injini zinanguruma kwa nguvu zote. Mimi nikaenda kupima Julai.

Bibi mmoja, mjane wa nahodha, alinikuta uani kwake na simu mkononi. "Mwanangu, subiri kaskazi," akaniambia. Nikacheka, kwa adabu, lakini nikacheka. Nilidhani anakumbuka majahazi.

La pili ni baya zaidi, kwani hilo sikughafilika. Ndege ikishapita, kimya hurudi kwa muda mrefu. Nilizijumlisha desibeli za kelele na za kimya, nikazigawa kama hesabu ya nyanya sokoni, nikapata namba ya upole. Desibeli hazijumlishwi hivyo, na mimi ndiye ninayesomesha hayo: zikizidi 10 tu, sikio husikia kama kelele imekuwa maradufu. Vile vipimo vya juu kabisa sikuviandika. Nilikuwa nimeshaamua kwamba wanaolalamika wanatia chumvi, tena utalii unatulisha, na nani kati yetu hana ndugu hotelini?

Kaskazi lilipoingia nilikwenda chuoni wanakosoma watoto wetu. Maalim alikuwa akikatiza aya katikati, akingoja jeti lipite, kisha akianza upya. Kule Munich, Ujerumani, uwanja wa zamani ulifungwa 1992, na watafiti wakaona watoto waliokuwa wakiishi karibu nao wakipata nafuu katika kusoma, huku wa karibu na uwanja mpya wakirudi nyuma. Kinamama wa mtaa walikuwa wamenieleza hayo hayo bila utafiti wowote, nami nikawajibu kwamba watoto watazoea.

Barua ile ilishapelekwa juu. Majirani wakilalamika, huonyeshwa sahihi yangu. Nimeandika nyengine, yenye misimu yote miwili na vipimo vya juu kimoja kimoja. Sheha ameipokea, ila anataka ile ya kwanza niikanushe mwenyewe kwenye mkutano wa shehia, mbele ya watu wale wale niliowasomea. Nimekubali. Nimemwomba yule bibi naye aje, na amesema atakuja kunisikiliza.