Kabla Mguse Hizo Diski

Wasee, hii maneno ya "NAS imekufa" tuiongelee vizuri. Kila stima ikipotea hapa Molo na kurudi, kuna mtu ananitumia hiyo meseji, na mara nyingi NAS haijakufa. Iko tu pale mezani, diski zinazunguka, ila hakuna anayeiona.

Kama hujakutana nayo, NAS ni kisanduku cha diski kinachochomekwa kwenye rauta ili kila mtu ofisini afungue faili zilezile bila kuzungusha fleshi. Sisi tunaoshuti harusi na matanga bila hiyo hatuwezi.

Msimu wa mvua uliopita stima ilipotea usiku kucha. Asubuhi kompyuta zote zikakataa kuona folda. Na kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja kutoka Elburgon, amekuja kuchukua video ya ruracio ya binti yake. Siku ile babake ndiye alibariki, na mzee alizikwa wiki mbili baadaye. Hakuwa na sauti yake mahali pengine popote. Jamaa yangu wa kazi akaanza, "Wacha tuireset, tuanze upya." Nikamwambia boss, toa mkono hapo.

Hiyo "tuanze upya" ndiyo inaua watu. Kuna reset inayorudisha nywila na mipangilio ya mtandao tu, na kuna menyu inayoandaa diski upya na kufuta kila kitu. Ukiwa na presha, zote zinafanana.

Mimi huanza nje nikienda ndani: taa, kebo, anwani. Taa ya mtandao ilikuwa inawaka, kebo iko sawa. Nikaingia kwenye rauta, nikaangalia vifaa vilivyounganishwa, na hiyo hapo: badala ya 192.168.1.7 ilikuwa 192.168.1.14. Rauta ilipowaka iligawa anwani upya, na kompyuta zetu bado zilikuwa zinabisha mlango wa zamani. Ilichukua dakika tano, pamoja na kuiambia rauta iiwekee NAS anwani moja ya kudumu. Mama alimsikiliza babake mara tatu. Hakuna mtu aliongea.

Ikiwa shida ni mwendo, angalia kebo kabla ya kulaumu diski. Waya mmoja ukikatika ndani, gigabiti moja inashuka hadi megabiti 100, na GB 50 za harusi zinachukua zaidi ya saa moja badala ya dakika nane hivi. Na kama kompyuta imekataa ghafla baada ya kusasishwa, Windows 11 Pro ya 24H2, iliyotoka 2024, haikubali tena uingie kama mgeni bila nywila. Tengeneza akaunti kwenye NAS, maisha yaendelee.

Sasa, ikianza kupiga bip bip na kusema diski moja ni mbovu, hapo ndipo uogope kidogo. Nakili kwanza vile vitu huwezi kushuti tena. Kisha soma serial namba ya diski mbovu kwenye skrini, na uilinganishe na stika kabla ya kuvuta chochote, kwa sababu ukivuta ile nzima umejimaliza. Mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Na UPS nunua, hata ndogo, ili kisanduku kizime polepole stima ikienda.

Lakini kuna watu huniambia, "Mimi niko na diski mbili za RAID, niko salama." Salama wapi? Diski ya pili ni kioo: ukifuta folda huku, na kule imeenda. Januari 2022 Deadbolt iliingia kwenye NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwa intaneti, ikafunga faili na kudai bitcoin 0.03. Kioo hakikusaidia mtu. Mwizi naye hubeba kisanduku kizima.

Nakala yetu nyingine iko kwenye diski ya nje kwa shangazi yangu Njoro, ndani ya kabati la vyombo. Kila mwisho wa mwezi mmoja wetu hupanda matatu kupeleka mpya na kurudi na ile ya zamani. Nauli tunaihesabu kwenye bei ya harusi, na mteja akiuliza hiyo mia kadhaa ni ya nini, tunamwambia.