Ramani ya Tatu

Katika mechi ya Counter-Strike ya ramani tatu, ipo ramani moja ambayo hakuna timu iliyoichagua. Zinaanza zikiwa saba. Timu zinaondoa mbili, kila moja inachagua yake, kisha zinaondoa mbili nyingine. Inayobaki, iwe Mirage au Nuke, ndiyo ya tatu, na itachezwa tu matokeo yakiwa 1–1.

Kwenye masoko ya utabiri mtandaoni, watu wananunua na kuuza hisa za ramani hiyo. Unainunua kwa mtu anayeamini kinyume chako. Ukipatia, kila hisa inalipa dola 1. Ukikosea, inabaki sifuri. Ikiuzwa senti 62, soko linasema uwezekano ni asilimia 62.

Binamu yangu yuko Samunge, wilayani Ngorongoro. "Kaka, huku si kubeti," aliniambia kwenye simu. "Hii ni hesabu." Ameshaweka humo pesa za mbuzi wawili, pesa ambazo mama yake anajua ni za ada ya chuo cha ufundi.

Basi tukapiga hesabu. Timu ikiwa na nafasi ya asilimia 60 kwa kila ramani, uwezekano wa mechi kufika ramani ya tatu ni asilimia 48. Timu zikilingana kabisa, ni 50. Tofauti ni ndogo mno. Na zikifika huko, iliyo bora bado inapoteza mara 4 kati ya 10. Anayeliwa kwenye ramani ya tatu huondoka akiamini alikaribia kupatia, na kesho anarudi.

Tena kuna wanaojua matokeo kabla. Agosti 2014 timu ya Marekani, iBUYPOWER, ilijifungisha makusudi mbele ya NetCodeGuides. Januari 2015 Valve, wenye mchezo, wakawafungia wachezaji wake kadhaa.

Samunge inajua habari za bei na imani. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT, alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani. Aliyefika akaiona foleni alijisemea: watu wote hawa hawawezi kukosea. Foleni ilionyesha idadi ya walioamini. Virusi na sukari havikuitazama.

Senti 62 nayo ni foleni, ila imeandikwa kwa tarakimu. Ina jambo moja ambalo kikombe hakikuwa nalo: saa ya majibu inajulikana, na mechi ikiisha hakuna wa kubishana naye. Hilo ndilo linalomfanya binamu aiite hesabu.

Nilimwambia amweleze mama yake mwenyewe. Akadai hataelewa. Lakini shangazi aliuza chai kwenye foleni ile ya 2011, miezi na miezi, na chai ililipwa na wote, waliopona na wasiopona. Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu:

"Huyo aliyekuuzia, mwanangu, yeye anajua nini usichokijua wewe?"

Binamu bado hajamjibu. Mbuzi watatu waliobaki hawajauzwa.